Aina tisa, chupa moja

Susan Sokol na mumewe Bill Blosser walipanda mizabibu yao ya kwanza mwaka 1971, kwenye udongo mwekundu wa volkano wa vilima vya Dundee, jimbo la Oregon, Marekani. Mwaka 2008 usukani ulikabidhiwa watoto wao, Alex na Alison. Sifa ya kiwanda chao cha mvinyo, Sokol Blosser, imejengwa na Pinot Noir, mvinyo mwekundu. Utundu wenyewe, hata hivyo, uko kwenye mweupe wao wa Evolution, ulioanza na aina tisa za zabibu.

Tisa! Mwenye haraka atadhani ni masalia ya ghalani yaliyomwagwa kwenye tangi moja. Sivyo. Kazi ya harufu hubebwa hasa na aina mbili. Muscat ina linaloli, kemikali ileile inayonukia kwenye punje za giligilani. Gewürztraminer ina oksidi ya waridi, ambayo pua huinasa hata ikiwa chembe tu. Lakini Gewürztraminer ikizidi, mvinyo hunuka kama marashi na kuacha uchungu kooni. Tena ikiiva sana, uchachu wake hushuka. Hapo ndipo Riesling inapohitajika, kwa kuwa ukali wake huzuia sukari iliyobaki isikinaishe. Semillon na Pinot Gris huupa mvinyo uzito mdomoni.

Harufu za namna hii hutoroka na joto. Kwa hiyo mvinyo kama huu huchachushwa polepole katika matangi ya chuma kisichoshika kutu, kwa kawaida nyuzi 12 hadi 16 za Selsiasi.

Uamuzi wa kijanja kuliko yote uko kwenye lebo: mwaka wa mavuno haukuandikwa, bali namba ya toleo. Mavuno ya misimu tofauti yalichanganywa, na msimu wa baridi ulioleta zabibu kali ukafidiwa na ule wa joto.

Na mazingira? Ghala lao la mapipa, lililofukiwa kilimani, lilipata cheti cha LEED, cha majengo yanayojali mazingira, mwaka 2002, la kwanza kwa majengo ya mvinyo Marekani. Shamba nalo likathibitishwa kuwa la kilimo hai mwaka 2005. Sifa hizo ni halali, ila mnunuzi asizihamishie kwenye kila chupa: sehemu ya zabibu za Evolution hununuliwa kwa wakulima wengine. Anayetaka uhakika asome lebo ya nyuma kabla ya kulipa.