Bei ya Kupenya Upepo

Zimo duniani baiskeli za mashindano zilizoundwa kwa shabaha moja, nayo ni kuupenya upepo. Mabomba ya fremu zake hayakuviringana kama ya baiskeli tuzijuazo, bali yamebanwa ubavuni, na nyaya za breki zimefichwa ndani. Zilizo bora hupita dola 10,000 za Marekani, yaani zaidi ya shilingi milioni moja za Kenya. Je, zastahili bei hiyo?

Haki yatutaka tumsikilize muuzaji kwanza. Upepo ni adui wa kweli. Mwendo ukizidi mara mbili, ukinzani wa hewa huzidi mara nne, na nguvu ya kuushinda huhitajika mara nane. Katika mashindano, sekunde chache huamua. Mwaka 1989 Greg LeMond wa Marekani alimshinda Laurent Fignon wa Ufaransa katika Tour de France kwa sekunde 8 tu, baada ya safari ya zaidi ya kilomita 3,000.

Lakini tuchungue ushindi huo. Siku ya mwisho LeMond alifunga vishikio vya mbele katika usukani wake, akainama, akavaa kofia iliyochongoka nyuma. Fignon alikwenda kichwa wazi. Ukinzani mwingi wa hewa hautoki katika baiskeli, bali katika mwili wa mpandaji. Basi aliyejifunza kuinama vyema amepata bure sehemu kubwa ya kile ambacho tajiri hukinunua.

Tena, upepo hauna nguvu sawa kila mahali. Hapa Karurumo, nchi ni ya matuta na mabonde. Mtu apandapo mlima mkali kwa mwendo wa kilomita 10 kwa saa, uzito wake humvuta nyuma kwa nguvu zaidi ya mara 20 kuliko hewa. Fremu ya kupenya upepo itamfaa nini? Na ashukapo bondeni, breki njema zina thamani kupita umbo lolote. Wala baiskeli hiyo haina mahali pa kufungia debe la maziwa, kazi ambayo Black Mamba, kwa uzito wake wote, huifanya bila kunung'unika.

Hukumu yangu ni hii: kwa mshindani anayeishi kwa sekunde, yafaa, kwa wengine, ni pambo ghali. Hasara kubwa si ya fedha. Ni kijana kuamini kwamba hawezi kwa kuwa hana. Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, alifunzwa na David Kinjah huko Kikuyu kabla hajashinda Tour de France mara nne. Baiskeli za thamani alizipata baadaye, bidii ilitangulia. Mwenye kubadili mpango huo hununua kiatu kabla ya kujua kutembea.