Mapenzi Pasipo Maneno: Fidla na Jina la Kipande

Wahakiki wa taarabu wamezoea kuanzia kwenye maneno, na aghalabu huishia huko huko. Fidla hutajwa kama pambo la shairi tu. Mazoea hayo huwaacha mikono mitupu wakabilianapo na kipande cha mapenzi kisicho na neno hata moja. Mfano ni Salut d'Amour cha Mwingereza Edward Elgar, ambacho wapigaji wa siku hizi hukitilia ngoma na mitambo, kikafaa arusi ya bustanini Spring Valley, Nairobi, sawa na ukumbi wa tamasha.

Elgar alikitunga mwaka 1888, akamtunukia mchumba wake, Caroline Alice Roberts. Jina alilolichagua lilikuwa la Kijerumani, Liebesgruss, yaani salamu ya mapenzi. Wachapishaji, Schott wa Mainz, wakaligeuza kuwa la Kifaransa. Lugha ya jina ilibadilika, muziki ukabaki ule ule. Basi sehemu kubwa ya yale yanayoitwa mapenzi katika kipande hiki imo katika anwani, nayo humfikia msikilizaji kabla ya sauti.

Hata hivyo si yote. Piano hutangulia kwa mapigo yanayokwepa mkazo, na fidla huingia juu yake kwa vifungu vifupi, mithili ya mtu anayesita kusema. Kusita huko ndiko kunakogusa moyo. Na ndiko kunakouawa na ngoma ya mashine ipigayo sawasawa tangu mwanzo hadi mwisho. Mpigaji wa namna hiyo hubakiwa na jina, akapoteza salamu.

Unguja wanayo njia nyingine. Vikundi vya taarabu, kama Ikhwani Safaa kilichoasisiwa mwaka 1905, hufungua hadhara kwa bashraf, muundo wenye asili ya Kituruki: khana nne, na kila moja hurejea kwenye taslim. Bashraf aghalabu hutambuliwa kwa makamu yake, kama vile Rasti, wala si kwa hisia. Msikilizaji haambiwi apende wala ahuzunike.

Kuiita bashraf "wimbo", kama ifanywavyo mara nyingi, ni kosa la istilahi lenye madhara: neno hilo latokana na kuimba, nalo humfanya mhakiki atafute maneno yasiyokuwapo. "Kipande" ni neno kavu, lakini halimdanganyi mtu. Mwimbaji huinuka baadaye, bashraf ikisha malizika.