Kejeli Jukwaani: "Nchi ya Kitu Kidogo" na Hadhira Yake

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, aghalabu tunapofunza nyimbo tunaandika maneno ubaoni, tunaorodhesha tamathali, kisha tunafunga daftari. Ndivyo nilivyoufunza wimbo wa Eric Wainaina, "Nchi ya Kitu Kidogo" (2001), katika darasa moja hapa Kitengela. Wanafunzi walitaja takriri na kejeli wakapata alama. Hakuna aliyecheka. Kejeli isiyomchekesha wala kumchoma mtu imekufa.

Tuutazame upya. Wimbo unashambulia hongo, uovu ambao tumeupamba kwa majina ya adabu: chai, kitu kidogo. Hizi ni tasfida. Ustadi wa msanii ni kuzifichua kwa kuzichukulia kwa maana ya msingi. Anayedai chai anaelekezwa Limuru, kunakokuzwa majani chai yenyewe! Aidha, neno "kidogo" linahama kutoka kwa kitu na kuwaangukia watu: hongo inamdunisha anayeipokea na anayeitoa. Mahadhi nayo yanachezesha ilhali ujumbe ni mchungu. Hicho ni kinaya.

Hata hivyo, sifa hizi hukamilishwa na hadhira. Mwanamuziki Mmarekani Frank Zappa alilijua jambo hili. Katika albamu yake Roxy & Elsewhere (1974), ambayo sehemu kubwa yake ilirekodiwa jukwaani, bendi inapiga muziki mgumu ajabu, lakini yeye huzungumza na watu kabla ya nyimbo, hata akawaita baadhi yao wapande wacheze. Msikilizaji anakuwa sehemu ya mzaha.

Muhula uliofuata nilibadili mbinu. Mmoja aliongoza wimbo, wengine wakaitikia. Vicheko vilijaa darasani, kisha vikazimika. Wengi wao husafiri kwa matatu katika barabara ya Namanga, hadi Isinya na Kajiado, na wamewahi kuona noti ikikunjwa kiganjani. Msichana mmoja akauliza, "Mwalimu, sisi tunaoitikia tumo ndani ya wimbo?" Swali hilo lilipita orodha yangu yote ya tamathali.

Dosari ipo. Kicheko chaweza kuizoesha jamii uovu: tunaimba, kisha tunatoa. Chama kilichotawala wimbo ulipotoka kilishindwa uchaguzini mwaka wa 2002. Hongo haikuondoka nacho. Kwa hivyo, mtahiniwa, usiishie kutaja kejeli. Onyesha inamchoma nani, wewe mwenyewe ukiwemo.

Zoezi: "Hadhira ndiyo inayoikamilisha kejeli." Jadili ukirejelea wimbo wowote wa kijamii. (Alama 20)