Sitara na Maficho

Lugha yetu ina vitenzi viwili ambavyo kwa mbali hufanana: kusitiri na kuficha. Asitiriye kitu hukifunika kwa heshima ya mwenyewe na kwa ridhaa yake. Afichaye humficha mwenyewe. Tofauti hiyo naiona kuwa mizani ifaayo kupimia mwenendo wa British Museum, jumba la makumbusho la London, juu ya taboti 11 za Kanisa la Kiorthodoksi la Ethiopia.

Taboti ni kibao kitakatifu cha mti au jiwe, mfano wa vibao vya Amri vilivyowekwa katika Sanduku la Agano. Pasipo taboti jengo halihesabiwi kuwa kanisa, wala si halali kwa asiye kasisi kuitazama. Katika sikukuu ya Timkat hutolewa nje, lakini hutoka imefunikwa nguo za fahari. Nyingi za hizo 11 ziliporwa na jeshi la Uingereza huko Maqdala mwaka 1868, Mfalme Tewodros aliposhindwa na kujiua.

Leo zimo katika chumba cha faragha, na hata wahifadhi wa jumba hawazitazami. Wakubwa wao hueleza kwamba wanaiheshimu imani ya wenyewe. Sisemi kwamba heshima hiyo ni ya uongo. Nasema ni sitara isiyo na idhini, kwa maana wenyewe wameziomba na hawajapewa. (Na neno makumbusho, msomaji, limetokana na kukumbusha. Nani hukumbushwa na mlango uliofungwa?)

Udhuru mkubwa ni sheria ya mwaka 1963, inayowazuia wadhamini wa jumba kutoa mali yake. Lakini sheria hiyohiyo inaruhusu kutoa kitu kisichofaa kuendelea kuwekwa, mradi kutolewa kwake kusidhuru maslahi ya wanafunzi. Wanafunzi! Basi sisi ndio tunaotajwa. Nami nauliza: kibao kisichotazamwa, kisichopimwa, wala kusomwa maandishi yake, kikiondoka kitampunguzia mwanafunzi gani elimu yake? Mlango umo ndani ya sheria. Aliyekosekana ni wa kuufungua.

Mwaka 2001 kasisi wa kanisa moja la Edinburgh alikuta taboti ndani ya kabati. Kanisa lake halikufungwa na sheria ile, likairudisha. Ilipofika Addis Ababa mwaka 2002, umati mkubwa ulitoka kuilaki. Hawakuiona, waliona kitambaa kilichoifunika.