Neno la Sabini na Sita

Doa la damu likikauka kwenye karatasi huwa na rangi ya kutu. Mama anayefanya kazi katika maabara moja mjini Muheza analishika kwa koleo dogo, analigeuza kwenye mwanga wa dirisha, analiweka mezani. La pili vivyo hivyo, na la tatu. Anatafuta madoa yaliyopenya hadi upande wa nyuma, kwa sababu doa lililobaki juu juu halina damu ya kutosha. Nilipoingia nilimwamkia, akaitika marahaba bila kuinua macho, akanionyesha kiti kwa kidevu.

Damu hiyo ilitoka vidoleni mwa watoto waliofikishwa zahanati wakiwa na homa. Tone moja liliwekwa kwenye kioo, likatiwa rangi ya Giemsa na kusomwa kwa hadubini. Tone jingine liliachwa linywewe na karatasi nene ya kuchujia, likakaushwa kivulini, likafungwa kwenye kifuko pamoja na punje za silika za kunyonya unyevu. Kioo kilishajibu kama mtoto ana malaria. Karatasi inaulizwa jambo la ndani zaidi: vimelea hivi vimeandikwaje?

Kila kiumbe kimeandikwa kwa herufi nne za DNA, A, T, G na C, na chembe hai huzisoma tatu tatu. Kila tatu ni neno moja, ambalo wanasayansi huliita kodoni. Maneno yote ni 64. Matatu kati yake humaanisha "simama hapa", na 61 yaliyobaki hutaja asidi amino 20 zinazounganishwa kuwa protini. Kwa hiyo asidi amino nyingi zina neno zaidi ya moja. Mtu wa Mombasa akisema "ndoo" na wa Unguja akasema "njoo", anayeitwa atakuja tu. Lakini ukisikiliza siku nzima utajua kila mmoja katoka wapi. Viumbe nao wana lafudhi. Asidi iitwayo lisini huandikwa AAA au AAG. Binadamu huelekea zaidi AAG. Kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum, hung'ang'ania AAA. Maandishi yake yote, yaliyosomwa kikamilifu mwaka 2002, yana herufi zipatazo milioni 23, na takribani 80 katika kila 100 ni A au T. Lafudhi hiyo ndiyo itakayomsumbua mama huyu baadaye, nami sikuijua mpaka nilipomwona akipunguza joto la mashine.

Anaanza kwa kitobozi, kifaa kama kile cha kutoboa karatasi za ofisini, ila tundu lake ni la milimita tatu. Anakata kiduara kimoja, kinadondoka ndani ya kijichupa chenye namba. Kisha, kabla ya doa linalofuata, anatoboa karatasi nyeupe isiyo na damu mara kadhaa ili kusafisha meno ya kitobozi. Nilihesabu vipande vyeupe vilivyolundikana pembeni. Vilikuwa vingi kuliko vyekundu. "Mtoto huyu asije akachukua malaria ya mwenzake humu mezani," alisema, na hayo ndiyo yalikuwa maneno yake marefu zaidi asubuhi ile.

Viduara vinalala usiku kucha ndani ya maji ya saponini, dutu ya mimea itoayo povu, ambayo hupasua chembe za damu. Asubuhi maji yamekuwa mekundu na karatasi imepauka. Anayamwaga, anasuuza, anamwaga tena. Anaongeza punje za Chelex, ambazo hunasa madini yanayoweza kuiharibu DNA, kisha anavichemsha vijichupa kwa dakika kumi na kuvizungusha kwa kasi mpaka punje zitulie chini. Maji ya juu, meupe yasiyo na kitu cha kuonekana kwa macho, ndiyo anayoyahamisha. Ncha ya pipeti inaingia juu tu, haigusi punje. Akizigusa, kazi itakataa mbele ya safari.

Halafu inakuja mashine ya kunakili DNA, ile iitwayo PCR. Ndani ya tone dogo wanakutana viumbe wawili ambao kwa desturi wasingekutana. Mmoja ni kimelea. Mwingine ni bakteria wa chemchemi za moto, Thermus aquaticus, aliyegunduliwa Yellowstone huko Marekani. Kutoka kwake kimepatikana kimeng'enya kinachonakili DNA bila kuharibika kwenye joto kali. Bakteria huyo ameandikwa kinyume cha kimelea: kwake G na C ndizo nyingi. G na C hushikana kwa vifungo vitatu, A na T kwa viwili. Kimeng'enya chake hupenda kufanya kazi kwenye nyuzijoto 72, lakini katika joto hilo uzi wa kimelea, wenye A na T tele, huachia upesi kabla haujashonwa. Mama alibonyeza vitufe na kushusha joto la kushonea hadi karibu nyuzi 60. Kimeng'enya kitafanya kazi polepole, naye akaongeza muda. Mwenyeji wa maji ya moto akalegezwa mwendo ili aendane na mwenye uzi mlegevu.

Mashine inachukua saa kadhaa. Tulikunywa chai, na machungwa ya Muheza yalikuwepo.

Lafudhi hii ya kimelea haiishii kwenye tahajia. Maandishi yakielemea A na T, asidi amino ambazo maneno yake yana herufi hizo huongezeka: lisini, na asparajini inayoandikwa AAT au AAC. Pengine ndiyo maana protini za kimelea hiki zina mikufu mirefu ya asparajini, mingi ikining'inia nje ya umbo kuu kama nyuzi za jamvi zisizofungwa. Chanjo ya malaria ya RTS,S, ambayo Korogwe palikuwa mojawapo ya vituo 11 vya Afrika vya kuijaribu kuanzia 2009, hubeba kipande cha protini ya kimelea chenye asidi nne zinazojirudia: asparajini, alanini, asparajini, prolini. Na hutengenezwa ndani ya hamira, kiumbe mwenye lafudhi yake mwenyewe.

Sasa mkasi. Neno linalotafutwa ni la 76 kati ya maneno 424 ya protini iitwayo PfCRT, mlango uliopo kwenye kifuko ambamo kimelea husagia hemoglobini ya damu yetu. Neno la asili ni AAA, lisini, asidi yenye chaji chanya. Klorokwini, dawa ya malaria, ikiingia kwenye kifuko hicho nayo hubeba chaji chanya, hivyo mlango huisukuma ibaki ndani, na kimelea hufa. Herufi ya kati ikibadilika kuwa C, neno huwa ACA, threonini, isiyo na chaji. Mlango unalegea, dawa inatolewa nje. Mkasi wa mama ni kimeng'enya kiitwacho ApoI ambacho hukata DNA pale tu kinapoisoma AAA ikifuatiwa na herufi zake. Kikikuta ACA hakikati. Anatia kiasi kidogo ambacho hata ncha ya pipeti inakionyesha kwa shida, anafunika, anaweka kwenye nyuzi 50.

Anamimina jeli. Agarosi hutokana na mwani mwekundu, ndugu wa mbali wa ule wanaoulima kinamama wa pwani ya Tanga. Anaichemsha mpaka iwe angavu, anaisubiri ipoe kiasi cha kuvumilika mkononi, anaimwaga bila povu na kusimika kitana. Ikiganda anakichomoa kitana wima, taratibu, na visima vinabaki na kingo nzima. Kila kisima kinapokea tone zito la buluu, nalo linazama chini kama mchuzi. Mkono wake wa kushoto umeushika wa kulia kifundoni. Pipeti haitikisiki.

Umeme unapita, matone yanatambaa. Nilimuuliza kuhusu Mkuzi, kijiji cha hapa hapa Muheza, ambako miaka ya 1950 dawa ya pyrimethamine iligawiwa kila wiki na baada ya miezi michache ikaanza kushindwa. "Mkuzi tulianza sisi," alisema, kama mtu anayetaja mgeni wa zamani. Leo inajulikana kwamba kwenye vimelea vinavyoishinda dawa hiyo neno la 108 la protini nyingine hugeuka kutoka AGC kuwa AAC, na asidi ndefu zaidi hujitokeza pale dawa inapopaswa kukaa. Kwa dawa mwenza wake, sulfadoxine, kuna neno la 581, ambalo watafiti wamelikuta limegeuka kutoka GCG kuwa GGG kwa wingi hapa Tanga. Hilo ndilo linalonishangaza. GGG ni neno adimu kwa kimelea hiki. Glisini yeye huiandika GGA au GGT. Lakini kutoka GCG hadi GGA ni herufi mbili, na hadi GGG ni moja. Mageuko yalichukua lililo karibu, lafudhi ikasubiri.

Taa ya urujuanimno ikawashwa. Mistari ikang'aa. Mama akaangalia safu ya mwisho kwanza, ile ya DNA ya vimelea vilivyokuzwa maabara, ambavyo inajulikana vina AAA. Ilipaswa kuwa imekatika vipande viwili. Ilikuwa mstari mmoja mzima. Hakuuliza safu nyingine zinasema nini. Umeme ulikatika juzi usiku, friza ikapata joto, kimeng'enya kikachoka. Akaifunga jeli kwenye mfuko wa taka za maabara, akatoa kichupa kipya, akaandika tarehe ya kesho kwenye daftari.

Kesho yake safu ya mwisho ilikatika vizuri. Ndipo akaanza kusoma nyingine, kutoka kushoto. Nyingi zilikuwa na mistari miwili ya chini, AAA. Tangu klorokwini iondolewe kama dawa ya kwanza nchini mwaka 2001, neno la asili limerudi, maana vimelea vyenye ACA hulipia mlango wao mlegevu wakati dawa haipo. Safu moja ilikuwa na mistari mitatu, mzima na vipande viwili. Akainama, akafuta miwani, akaangalia tena. Mtoto mmoja, vimelea vya aina mbili. Akaandika K/T, lisini na threonini, kwa penseli.

Kisha akazirudisha karatasi zenye matundu kwenye vifuko vyake. Katika kifuko kimoja punje za silika zilikuwa zimegeuka kutoka buluu kuwa waridi. Akazimwaga, akatia nyingine, akabana mdomo wa kifuko kwa vidole viwili, kutoka pembe hadi pembe.