Fundi wa Pumzi

Yoti iliyotia nanga karibu na kisiwa cha Misali, magharibi ya Pemba, haina fundi jirani. Matumbawe ya huko hushuka ghafla kuelekea mkondo wenye kina cha mamia ya mita, na apigaye mbizi kandokando ya ukuta huo hana sakafu ya kusimamia kifaa kikiharibika. Kwa hiyo umahiri wake huanzia sitahani, kwenye kopo dogo lenye oringi za mpira, grisi ya silikoni, mikanda ya mapezi na bisibisi.

Kifaa chenyewe si cha zamani sana. Mwaka 1943, nchini Ufaransa, Jacques Cousteau na mhandisi Émile Gagnan walitengeneza kidhibiti kinachotoa hewa pale tu mtu anapoivuta, tena kwa mgandamizo uleule wa maji yanayomzunguka. Hesabu yake ni kali. Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi baa 200 hubeba takriban lita 2,400 za hewa. Anayevuta lita 20 kwa dakika angekaa nayo saa mbili juu ya maji; kwenye mita 30, ambako mgandamizo ni mara nne, ni nusu saa tu, na hapo hajatenga ya kupandia.

Hewa hiyo hujazwa na kompresa ya yoti, na humo hujificha hitilafu isiyopiga kelele. Moshi wa injini una kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu, ambayo ikiingia mtungini madhara yake huzidi kadiri mtu anavyoshuka. Mpira wa kuvutia hewa huwekwa upande wa goshini, mbali na ekzosi. Lakini yoti iliyo nangani haielekei upepo siku zote: maji yakianza kupwa kwa nguvu huigeuza, na moshi uliokuwa ukienda zake hurudi penye mpira. Mjuzi hukaa hapo akitazama moshi unakoelekea mpaka mtungi wa mwisho ujae. Ni kazi ya kuchosha, na hakuna anayeipigia makofi.

Chini ya maji, kinachotisha wengi ni kidhibiti kumwaga hewa bila kukoma. Mapovu huziba macho, na mgeni wa kazi hudhani amekosa hewa kumbe amepewa ya kupita kiasi. Vali imeundwa hivyo makusudi: ikiharibika, aghalabu hubaki wazi. Aliyezoea hulegeza midomo, huacha ziada ipite pembeni, na huvuta pumzi kidogokidogo kama anywaye maji bombani. Mtungi utaisha kwa dakika chache, basi humpa mwenzake ishara, hupokea kidhibiti chake cha akiba, na wawili hao hupanda pamoja, si zaidi ya mita 9 kwa dakika, wakitua dakika 3 kwenye mita 5 hewa ikiruhusu. Pumzi haizuiwi kamwe, kwani hewa iliyojaza mapafu kwenye mita 10 hudai nafasi mara mbili ikifika juu.

Jaketi la kuelea likianza kujijaza lenyewe, mpira wake huchomolewa na hewa hutolewa. Miwani iliyoingia maji hupulizwa kwa pua, uso ukiwa umeinuliwa. Wapo wanaojivunia kina walichofika. Anayestahili sifa zaidi ni yule aliyeahirisha mbizi nzima kwa sababu ya oringi yenye ufa mwembamba kama unywele.

Jioni, chumvi hukauka na kuganda ndani ya vali, nayo maji matamu yotini ni ya kupima. Kidhibiti huoshwa kwanza, kifuniko chake kikiwa kimekazwa ili maji yasipenye. Jaketi hufuata kwa kilichobaki ndooni. Mapezi husubiri mvua.