Nyumba Iliyojengwa kwa Hesabu ya Maji

Goba, hapa Dar es Salaam, ni vilima, na anayenunua kiwanja huko hununua pamoja na mteremko wake. Kiwanja ninachokizungumzia kinashuka karibu mita moja na nusu kutoka mpaka wa juu hadi wa chini. Juu kina kichanga chekundu, ukichimba kidogo unakutana na mfinyanzi, na ubavuni mwa mpaka wa juu inapita njia ya mtaa ambayo kila masika hubeba maji ya kilima kizima. Kilikaa wazi muda mrefu. Wanunuzi walikuja, wakakiangalia, wakaenda kutafuta penye tambarare. Leo kina nyumba ya vyumba vitatu, sebule, jiko na baraza, imeezekwa na kupigwa plasta, na imevuka masika yake ya kwanza bila ufa wa kutia shaka.

Mtaani inasifiwa kwamba mwenyewe alijaza nondo. Mimi ni jirani, nimeifuatilia tangu kamba ya kwanza ilipofungwa, na naona sifa hiyo imekosea njia. Nondo zake ni zilezile za nyumba nyingine za hapa: nne za milimita 12 kwenye mkanda wa chini na nne kwenye lenta, ringi za milimita 8 kila baada ya sentimita 20. Kilichoitofautisha ni jinsi fundi mkuu alivyoyapangia maji: yapi yazuiwe, yapi yapimwe kwa ndoo, na yapi yamwagwe bila ubahili.

Kazi ya kwanza ilikuwa mtaro. Kabla ya kuseti msingi, vijana walichimba kando ya mpaka wa juu, wakazungusha mtaro hadi pembeni mwa kiwanja na kuuteremsha chini. Wapita njia walishangaa fedha kuanza kutumika mahali pasipoinuka kitu. Lakini kwenye mteremko, maji ya juu yana njia mbili tu: uyazungushe, au yatafute njia yao chini ya nyumba. Mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023, zilizofuatiwa na masika mazito ya 2024, zilionyesha hapa kwetu njia ya pili inavyokuwa. Nyumba mbili upande wa pili wa bonde zilibaki na msingi unaoning'inia, udongo wa chini umekwenda. Kuta zake zilikuwa nzuri. Hakuna aliyekuwa ameyaambia maji yapite wapi.

Mtaro ulipokamilika ndipo zikaja mbao za kuseti na kamba. Kona zilipimwa kwa ile kanuni ya 3, 4 na 5: mita tatu upande mmoja, nne upande wa pili, na ikiwa kamba ya mshazari inasoma tano kamili, kona imenyooka. Baadaye fundi akapima nyumba nzima kona kwa kona, akarudia hadi vipimo viwili vikalingana. Usawa aliutafuta kwa mpira wa maji, bomba jembamba linaloonyesha ndani. Wawili wanalishika kila mmoja mwisho wake, na maji yakitulia, urefu wake ni mmoja pande zote hata kama kati yao kuna kichuguu. Kifaa hiki ni cha bei ndogo, na kwa umbali wa kona hadi kona ya nyumba nakiamini kuliko pima maji ya mkononi, ambayo husoma kipande kifupi tu na kulimbikiza makosa madogo madogo kila inapohamishwa.

Kwenye mteremko kuna kishawishi cha kuchimba msingi unaofuata ardhi inavyoshuka, kwa kuwa uchimbaji unapungua. Msingi wa namna hiyo unakaa kwenye ulalo, na uzito wa nyumba unausukuma kuteremka. Fundi huyu alikata ngazi. Kila ngazi ilikuwa tambarare, na kimo chake kilitosha matofali mawili ya kulaza, kama sentimita 33 pamoja na mchanganyiko wa kujengea. Kimo hicho alikipanga, ili kozi za upande wa juu zikutane sawasawa na za upande wa chini, asilazimike kukata tofali au kujaza pengo kwa saruji tupu. Alichimba mpaka akavuka kichanga na kuingia kwenye mfinyanzi mgumu, na pale alipokuta mfuko wa udongo laini aliushusha msingi zaidi. Upande wa chini msingi uliinuka sana kuliko wa juu, kama inavyotarajiwa, na ndani yake kukahitajika kifusi kingi.

Kifusi ndicho kinachovunja majamvi mengi ya Dar es Salaam. Lori linamwaga, vijana wanasawazisha kwa koleo, juu yake linamwagwa zege. Baada ya mwaka udongo umeshuka, jamvi limebaki juu ya hewa, sakafu inapasuka katikati ya sebule. Hapa moramu iliingia kwa tabaka zisizozidi sentimita 20. Kila tabaka lilinyunyiziwa maji na kushindiliwa kabla ya lingine kufuata. Maji kiasi husaidia chembe za udongo kuteleza na kubanana, lakini yakizidi yanachukua nafasi zilizotakiwa kujazwa na udongo wenyewe. Fundi alikuwa akifumbata konzi ya moramu mkononi: ikishikamana bila kutoa maji, kazi inaendelea; ikichuruzika, wanasubiri jua. Halafu ikapigwa dawa ya mchwa, ikatandikwa nailoni nzito, na juu yake likaja jamvi la sentimita 10.

Nailoni ile watu huiruka kwa kuwa haionekani. Kazi yake ni kuyakatisha maji yanayopanda. Zege na matofali vina vinyweleo, unyevu wa ardhini hupanda kupitia humo na kubeba chumvi, kisha maji yakikauka ukutani chumvi inabaki. Ule unga mweupe na rangi inayobanduka nusu mita kutoka sakafuni, katika nyumba nyingi za pwani, vinatoka huko chini, na kupaka rangi upya kila Krismasi au Idi hakuvitibu.

Siku ya kumwaga zege la mkanda nilisimama karibu, kwa sababu hapo ndipo fundi hujulikana. Uwiano ulikuwa 1:2:4. Mfuko wa saruji wa kilo 50 una ujazo wa karibu lita 35, kwa hiyo kila mfuko ulikwenda na ndoo tatu na nusu za mchanga na ndoo saba za kokoto, ndoo za lita 20, zilizojazwa na kukatwa juu kwa ubao. Kila ndoo ilihesabiwa kwa sauti. Mafundi wengi hupima kwa koleo, na koleo la asubuhi na koleo la saa nane mchana, mkono ukiwa umechoka, hayalingani.

Maji yalikuwa lita 25 kwa mfuko, yaani ndoo moja na robo. Kipimo hiki ndicho kiini cha nyumba yote, kwa hiyo nakieleza. Saruji haigandi kwa kukauka. Inagandishwa na mmenyuko kati yake na maji, na mmenyuko wenyewe hutumia maji yenye uzito wa karibu robo ya uzito wa saruji. Yanayozidi hapo yanasaidia zege kulainika na kuingia kila pembe. Baada ya zege kuganda, maji hayo ya ziada hutoka, na kila yalipokuwa panabaki kitundu. Ukiongeza ndoo moja juu ya ile moja na robo, karibu unayafanya maji maradufu, na utapata zege linalomwagika vizuri, linalong'aa likiwa bichi, lakini lililojaa vitundu ndani.

Kijana mmoja aliyekuwa akichanganya alilalamika.

"Fundi, hili gumu. Tuongeze maji kidogo tu."

"Ongeza mkono, mdogo wangu. Maji hapana."

Likachanganywa tena, likageuzwa mara nyingine, kisha likashindiliwa ndani ya mbao kwa kuchomwa na kipande cha nondo hadi mapovu yakaacha kutoka. Mchana ilipita manyunyu na mchanga uliokuwa wazi ukalowa. Fundi akapunguza maji ya ndoo hapo hapo, pungufu ya lita tano kwa kila mfuko, kwa hesabu kwamba mchanga umeshaleta maji yake. Yupo fundi mwenye cheti ukutani asiyefanya hivyo.

Jambo lingine lilifanyika siku hiyo ambalo ningetamani kila mjenzi wa pwani alichukue. Kiwanja cha jirani kina kisima, na maji yangepatikana kwa bei ya urafiki. Ni ya chumvi, kama yalivyo ya visima vingi vya Dar es Salaam. Mwenye nyumba, mama mwalimu anayeandika kila kitu kwenye daftari, aliagiza boza. Chumvi ndani ya zege huivua nondo kinga yake ya asili, kutu inaanza, na kutu inahitaji nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Inavimba, inalipasua zege kutoka ndani, na vipande vinaanza kudondoka chini ya lenta miaka kadhaa baadaye, wakati fundi ameshahamia mikoa mingine. Kwa sababu hiyohiyo nondo ziliinuliwa juu ya vibiskuti vya zege vyenye unene wa sentimita tatu, zisiguse mbao popote. Nondo iliyogusa mbao ndiyo itakayoonekana nje mbao zikifunguliwa, na unyevu utaifikia mapema.

Kesho yake yule fundi mgumu wa maji akabadilika. Magunia yakatandazwa juu ya mkanda na kumwagiliwa asubuhi, mchana na jioni. Jamvi lilizungushiwa tuta dogo la mchanga, likajazwa maji na kuachwa limelowa wiki nzima. Kwa siku saba za kwanza zege lisilonyimwa maji hufikia takribani theluthi mbili ya nguvu litakayokuwa nayo siku ya 28. Likikauka kabla ya hapo kwa jua la hapa, mmenyuko unasimama njiani. Katika sehemu nyingi nilizopita jamvi linamwagwa Jumamosi na Jumatatu linapakiwa matofali, limepauka. Haraka hiyo hutokana na posho ya siku ya mafundi, na naielewa, lakini anayeilipa ni mwenye nyumba.

Kuta hazina mengi. Matofali ya inchi sita yalifyatuliwa hapohapo kiwanjani, 25 kwa mfuko, wakati wauzaji wa barabarani wapo wanaofika 40 na kuzidi. Yalimwagiliwa wiki nzima kivulini. Yalinyunyiziwa tena kabla ya kujengwa, yasije yakanyonya maji ya mchanganyiko. Timazi ilishushwa kila kona, na lenta ikazunguka nyumba nzima bila kukatika. Plasta ilifuata baada ya kuta kutulia.

Paa lina mjadala wake. Mdogo wake mama alileta picha za nyumba zenye paa la kuficha, ambazo sasa ndizo fasheni kuanzia Madale hadi Kigamboni: ukuta unapanda juu ya bati, paa halionekani, nyumba inakuwa na sura ya boksi. Mimi sizipendi, na sababu yangu ni maji. Paa hilo hukusanya mvua yote ndani ya mfereji uliojificha nyuma ya ukuta. Jani moja la mwembe likiziba mdomo wa bomba, maji hayana pa kwenda isipokuwa ndani. Tena kuta za nje zinabaki bila kivuli, zinapigwa na mvua ya upepo na jua moja kwa moja. Mama alisikiliza pande zote, akachagua paa la kuonekana, lenye kenchi za mbao zilizowekwa dawa, bati la geji 28 na ukingo unaotoka nje ya ukuta kwa sentimita 75. Geji 30 ingepunguza gharama, ila ni bati jembamba zaidi, na kwa upepo wa kilimani uamuzi wake naona ulikuwa sahihi.

Fanya hesabu ya paa hilo. Linafunika kama mita za mraba 150. Mvua moja ya milimita 50, ambayo masika haishangazi mtu, inaliangushia lita 7,500. Dar es Salaam hupata takribani milimita 1,100 kwa mwaka, na hizo ni lita 165,000 kwenye paa moja. Bila mifereji, zote zinadondoka kwenye mstari uleule kando ya msingi, zikichimba upande wa juu na kuloweka mfinyanzi upande wa chini. Hapa zinakwenda kwenye simtanki ya lita 5,000, na ikijaa ziada inaingia mtaroni kwa bomba. Ukuta wa kuzuia udongo upande wa chini una mabomba ya inchi mbili yaliyopangwa kila mita, ili maji yaliyojificha nyuma yake yatoke. Ukuta usio na matundu hayo husukumwa na udongo pamoja na maji, na wengi huanguka kwa sababu ya maji.

Nina lawama moja kwa kazi hii. Mtaro wa kiwanja unaishia kwenye njia ya chini, na njia hiyo haina mtaro. Nyumba imejikinga, lakini maji iliyoyazungusha yanamfikia jirani wa chini yakiwa yamekusanyika na yakiwa na kasi kuliko zamani. Kibali cha ujenzi hukagua ramani ya kiwanja kimoja kimoja, na mteremko haujui mipaka hiyo. Mama amelileta suala hili kwenye kikao cha mtaa na kujitolea mawe yaliyobaki. Upande wa juu wa njia umeshaanza kuchimbwa. Kipande cha kutoka kona ya dukani hadi kwenye kalvati bado hakijaguswa, na vuli inaanza Oktoba.